Rimoti, Soja Barasa na Barua Niliyoandika

Nimestaafu tangu Pasaka, lakini simu yangu bado inaenda kazini. Kila siku saa nne asubuhi, nikiwa nimeketi na chai, inalia, na mmoja wenu, mafundi wa karakana, ananiambia, "Mzee Shem, rimoti imekataa kufungua gari. Tumebadilisha betri. Tufanyeje?" Nami najibu kwa sauti nzito ya mtu anayejua, na mke wangu ananitazama kwa jicho la mtu ambaye ameishi nami miaka mingi na hadanganyiki. Ni yeye aliyesema niandike. "Waandikie makosa yako," alisema. "Yatawafaa kuliko ujuzi wako, na ndiyo mengi."

Basi naandika. Jinsi nilivyopata kuitwa fundi mkuu sitaieleza, maana hakuna la kueleza: aliyekuwa mbele yangu alihamia Nakuru. Nitaanza siku ya kwanza.

Nilitoka Vihiga na cheti cha umeme wa magari kilichotiwa plastiki kisije kikalowa mvua. Nikafika Dagoretti Corner, jijini Nairobi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye karakana mnayoijua nyote, ambayo wakati huo ilikuwa mabati matatu na benchi moja. Kwenye benchi alikuwa Mama Njoki. Wengi wenu mmemkuta akiwa mama mkubwa anayepewa kiti. Mimi nilimkuta ameinamia rimoti iliyofunguliwa, miwani imefungwa kwa waya, chuma cha kulehemu kinatoa moshi mkononi. Alikuwa ametengeneza redio kwa miaka mingi kabla ya watu wa Nairobi kuanza kutaka magari yanayojifunga yenyewe. Alikichukua cheti changu, akakisoma, kisha akakigeuza.

"Huku nyuma hakujaandikwa kitu?"

"Hapana, mama."

"Sawa. Huku ndiko tutaandika."

Haikupita saa moja, simu ikaja kutoka kwenye maduka ya Adams Arcade. Mteja rimoti imemkatalia, gari ni jeupe, lenye nafasi ya mizigo nyuma, liko karibu na njia ya kutokea. Mama Njoki akasema nimngoje amalize kulehemu twende pamoja. Nikamwambia kazi hiyo naijua. Nikaenda.

Gari jeupe nililikuta pale pale kwenye njia ya kutokea. Nikatoa kabari ya mbao na waya mrefu, nikaanza kuushughulikia ule mlango kama daktari mpasuaji. Ilinichukua dakika arobaini. Jasho lilinitoka, king'ora kikalia, watu wakasimama kutazama, na mlango ulipofunguka wawili watatu wakanipigia makofi. Nilikuwa bado napokea makofi hayo mama mmoja alipotokea dukani na mifuko miwili.

"Wewe! Unafanya nini ndani ya gari yangu?"

"Nakufungulia, madam."

"Kwani nani alikwambia nimefungiwa?"

Magari matatu kutoka pale, mwanamume mmoja aliyeegemea gari jeupe jingine, lililofanana na lile kama mapacha, akapaza sauti, "Fundi, ni wewe nangoja? Mbona unafungua za watu?" Nilimwomba yule mama msamaha hadi mpita njia mmoja akanionea huruma. Kisha nikaenda kwa mteja wangu halisi, nikafungua rimoti yake, na kukuta alikuwa amebadilisha betri mwenyewe akaiweka kichwa chini. Niliigeuza. Sekunde nne.

Niliporudi Mama Njoki hakucheka. Habari ilikuwa imenitangulia. Alichukua kalamu, akakigeuza cheti changu na kuandika nyuma, juu ya plastiki: *Gari ni la nani?* Mpaka leo hilo ndilo swali la kwanza. La pili ni: kabla haijakataa, kulitokea nini? Watu husema hakukutokea kitu, halafu ukikaa kimya kidogo wanakwambia ilianguka chooni.

Mpangilio wenyewe mnaujua, lakini nauandika kwa sababu mnausahau mkiwa na haraka. Pima betri, na usiipime ikiwa imelala peke yake, maana betri iliyochoka ikipumzika husoma vizuri kama mtu mgonjwa aliyevaa suti. Ipime wakati kitufe kimebonyezwa. Tazama vile vibati vinavyoshika betri, na vikiwa na kutu visugue kwa raba ya kufutia penseli. Jaribu rimoti ya pili ya mteja: ikifanya kazi, gari halina kosa, na zikikataa zote mbili acha kuzifungua, nenda ukaulize gari. Kwa haya magari ya kubonyeza bila ufunguo, mkumbushe mteja kwamba ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma umefichwa, na kwamba hata betri ikifa kabisa akiigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, gari litamtambua. Iliyoanguka kwenye maji isitiwe kwenye mchele. Nimetoa punje za mchele kwenye rimoti nyingi sana, na hakuna hata moja niliyoikuta mchele umeiponya.

Mimi mwenyewe nilianza na mpangilio wa aina yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba ukielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza, utaona mwanga. Ni kweli, kwa rimoti ya televisheni. Rimoti za magari karibu zote hutuma mawimbi ya redio, na kamera haiyaoni. Hilo sikulijua. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa natoa simu mbele ya mteja, nakunja uso, naelekeza rimoti kwenye kamera, nabonyeza, natikisa kichwa na kusema, "Imekufa." Zote zilikuwa zimekufa. Nilizika rimoti nzima nzima. Siku moja Mama Njoki alinipa ya gari lake mwenyewe, akaniomba niipime kwa ule utaalamu wangu. Nikakunja uso, nikatikisa kichwa. Akaichukua, akabonyeza, na gari lake likaitika nje, taa zote mbili. Siku nzima ile kila akinipita alikuwa akinielekezea simu.

Miaka ikapita, nikajifunza. Nasema hivyo kwa sababu jambo ninalotaka hasa kuwaeleza halikutokea nikiwa mgeni. Lilitokea mwaka wangu wa mwisho kazini, nikiwa na mvi, naitwa Mzee, na maneno yangu yanaandikwa na watu wengine kwenye karatasi.

Mwaka huo nilikuwa nimetengeneza kifaa. Kilikaa ndani ya kisanduku cha sabuni, kikala betri nne za tochi, na kazi yake ilikuwa kutoa mawimbi yale yale ya rimoti, ili niweze kujua kama risiva ya gari, ile sehemu inayopokea mawimbi, inasikia. Nilikiita Mpelelezi na kuliandika jina hilo kwa kalamu ya wino mzito. Mwanzoni kilikuwa na kitufe cha kubonyeza. Kitufe kikawa kigumu, nikakitoa, nikaweka swichi ya kuwasha na kuzima. Kulikuwa na taa nyekundu ya kuonyesha kwamba kimewaka. Ikaungua, na mimi, fundi mkuu, nikasema nitaibadilisha wiki ijayo.

Wiki hizo nikawa na mkosi. Nikiitwa mtaa wa Jamhuri, rimoti inakataa mbele yangu hata nikiweka betri mpya. Nikiitwa kwingine, vivyo hivyo. Nahangaika, naacha, naondoka kwa aibu, halafu mteja ananipigia: "Fundi, umeenda tu na ikaanza kufanya! Mungu akubariki." Nilipokea baraka hizo. Nilidhani ni mikono yangu iliyochelewa kuleta matokeo. Jambo jingine lililonikera ni betri za Mpelelezi, ambazo zilikwisha kila baada ya siku chache ilhali sikumbuki kukitumia. Nilimwendea mwenye duka nikamfokea kwamba anauza betri bandia.

Ndipo Jumatatu moja nikaitwa kwenye jengo la maduka, si mbali na Adams Arcade. Jina la jengo nalihifadhi. Mwenye duka la dawa pale alikuwa na rimoti dhaifu. Nikaweka begi langu kando ya gari lake, nikabadilisha betri, nikabonyeza. Kimya. Nikabadilisha tena. Kimya. Mtu mwingine akatoka jengoni akielekea gari lake, akabonyeza, akabonyeza, akatazama rimoti. "Mbona hii yangu pia?" Akaja wa tatu, naye vile vile.

Sasa kumbukeni kwamba wiki iliyotangulia laptop ilikuwa imeibwa ndani ya gari kwenye maegesho hayo hayo, na mwenyewe aliapa kwamba alilifunga. Na nyote mnajua hadithi ya wezi wenye kidude cha kuzuia mawimbi: unabonyeza kufunga, wao wanabonyeza kuzuia, unaondoka ukidhani umefunga. Risiva ya gari husikiliza rimoti kama mtu anayesikiliza mnong'ono, na mtu akipiga kelele karibu, mnong'ono hauingii. Mimi nikasimama katikati ya maegesho, watu wamenizunguka, nikasema kwa sauti, "Hapa kuna mtu anazuia mawimbi."

Kwenye geti palikuwa na soja, mlinzi wa jengo, anayeitwa Barasa. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, mwenye sare iliyopigwa pasi, na aliyajua magari yote ya pale na wenye magari hadi watoto wao. Nilipofika alikuwa amenisalimia kwa lugha ya kwetu, "Mulembe, mzee," akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Aliposikia niliyosema alisogea.

"Mzee, lakini leo asubuhi zote zimefanya vizuri. Mimi nimewaona wakifunga. Zimeanza kusumbua vile umefika."

Mtu mwenye akili angekaa juu ya kile kigoda ayafikirie maneno hayo. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, huyu anajitetea kabla hajashtakiwa.

Meneja wa jengo, Madam Nyokabi, akaniomba nifanye uchunguzi. Jumatano nilikwenda na kipimo cha mawimbi cha Mama Njoki, begi begani. Sindano ya kipimo ililala upande wa juu. Nilizunguka maegesho yote, kona hadi kona, na sindano haikushuka mahali popote. Nikajiambia, mwenye kidude hiki anatembea nami. Nikageuka. Barasa alikuwa nyuma yangu, akinisaidia kusimamisha magari nisigongwe.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku hiyo nilikuwa natoka kwenye mkutano wa kamati ya kanisa, mzee mwenzangu akanipa lifti, na gari langu pamoja na begi vikabaki nyumbani. Kipimo kilikuwa kwenye mfuko wa koti. Tukapita pale, nikashuka, nikapima. Sindano haikutikisika. Rimoti za watu zilikuwa zikilia kote kama ndege wa asubuhi. Sikuhitaji zaidi. Barasa akiwepo, kuna mawimbi. Barasa asipokuwepo, hakuna. Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu.

Nikaandika barua. Niliandika kwamba kwa uzoefu wangu wa miaka zaidi ya ishirini nimethibitisha kwamba mawimbi hayo hupatikana pale soja Barasa anapokuwa kazini na hupotea asipokuwepo. Nikatia sahihi. Nikatia na muhuri wa karakana, bila kumwambia Mama Njoki, kwa sababu barua isiyo na muhuri haipendezi.

Jumatatu nilikuwepo walipomwondoa. Watu wawili wa kampuni yake ya ulinzi walikuja, wakapekua kibanda chake, wakakuta chupa ya chai, mwavuli na Agano Jipya. Wakamwambia aende nyumbani hadi uchunguzi ukamilike. Wenye maduka walisimama mlangoni. Mama mmoja ambaye Barasa alikuwa akimbebea mizigo kila siku aliushika mkoba wake vizuri alipopita. Akafika mbele yangu akasimama.

"Mzee, wewe umeniona na nini?"

"Mimi sijakuona na kitu," nikasema. "Ni mashine imekuona."

Akachukua mwavuli wake, akaenda. Nami nikamalizia chai niliyoletewa na Madam Nyokabi.

Zaidi ya wiki mbili zikapita. Begi langu, kwa kawaida, nililiacha kwenye buti la gari langu nje ya karakana, ng'ambo ya barabara. Gari langu lenyewe, kama mnavyojua na kama mlivyonicheka, hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma. Siku moja mvua ilinyesha, buti langu likaanza kuvuja, nikaliingiza begi ndani nikaliweka chini ya benchi.

Mama Njoki alikuwa akijaribu rimoti mbili za wateja. Akabonyeza moja. Akabonyeza nyingine. Akaziweka chini akanitazama.

"Shem, hizi zilikuwa zinafanya sasa hivi."

"Labda ni unyevu."

"Toka nje."

"Mvua inanyesha, mama."

"Toka."

Nikatoka, nikasimama mvuani. Ndani nikasikia akibonyeza. Kimya. "Rudi," akasema. "Sasa toka tena, na ubebe hilo begi." Nikalibeba, nikavuka barabara, nikasimama chini ya bati la kinyozi. Taa za magari mawili yaliyokuwa uani zikawaka, zikazima, zikawaka. Aliniita kwa mkono. Nilipokaribia, zikanyamaza.

Nilikuwa na maji hadi ndani ya viatu, na bado sikuwa nimeelewa. Alilifungua begi mwenyewe. Alitoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya benchi: koleo, utepe, geji, kopo la kusafishia, bisibisi ndefu. Chini kabisa palikuwa na Mpelelezi, amelala chali, na swichi yake imesukumwa upande wa kuwaka. Aliirudisha bisibisi mahali ilipokuwa. Mpini wake ulikaa juu ya swichi kana kwamba vimetengenezwa kiwanda kimoja. Akaizima. Akabonyeza rimoti. Nje, gari likaitika.

Mama Njoki alicheka. Alicheka hadi akavua miwani, akashika benchi, akasema, "Mpelelezi! Ameandika na jina!" Nami nikaanza kucheka naye, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikakumbuka, na nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu aliacha.

"Nini?"

Nikamweleza. Maegesho, sindano, Ijumaa, barua. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulitia muhuri wangu?"

"Nilitia."

"Na huyo soja yuko wapi?"

"Sijui."

"Hujui," alisema, na kuvaa miwani yake. "Mtu umemfukuzisha kazi na hujui alikoenda." Akarudi kwenye rimoti zake. Katika miaka yote niliyofanya kazi kwake, ilikuwa mara ya kwanza kunipa mgongo.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Madam Nyokabi. Nilikuwa nimejitungia maneno njiani, lakini nilipofika yakanipotea, nikaweka tu kisanduku cha sabuni juu ya meza yake. Nikamwomba atoke kibarazani na rimoti yake. Nikawasha, akabonyeza, hapana. Nikazima, akabonyeza, gari likalia. Alifanya hivyo mara tano. Kila mara nilitumaini kifaa changu kingeharibika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kilifanya kazi bila kosa.

"Na ile laptop?"

"Sijui nani aliiba, madam. Mimi najua tu kwamba hii ndiyo ilikuwa inazuia, na ilikuwa kwa begi yangu."

Laptop hiyo haijapatikana mpaka leo. Madam Nyokabi alinirudishia kile kisanduku. "Kampuni yake nitawapigia mimi. Lakini yeye utamtafuta wewe. Na utamwambia kwa mdomo wako."

Simu ya Barasa ilikuwa imezimwa. Mama anayeuza chai karibu na geti ndiye aliyenisaidia, ingawa alinijibu bila kunitazama. Alisema anamwona kila asubuhi akipita na sare, anaelekea Jamhuri, anarudi jioni. Nikadhani amepata kazi nyingine, na moyo wangu ukatua.

Kesho yake nikamkuta. Alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya ua wa uwanja wa maonyesho, sare imepigwa pasi, kofia juu ya goti, hana geti wala gari la kulinda. Aliponiona alisimama haraka, kama soja anavyosimama mkubwa akipita, kisha akatambua ni mimi, akaketi tena.

"Mulembe," nikasema.

Hakuitika.

Nikamweleza yote. Sikuacha kitu, hata lile jina la Mpelelezi. Alisikiliza akitazama barabara. Nilipomaliza nilingoja anitukane, na nakiri nilitaka anitukane, kwa sababu ningejua la kufanya. Nimetukanwa na wateja maisha yangu yote.

"Wewe hapa unafanya nini na sare?" nikamuuliza hatimaye.

"Nyumbani hawajui," alisema. "Mke wangu ni mjamzito, amebakisha mwezi. Ningemwambia nini? Ati mashine imeniona?" Akaipangusa ile kofia vumbi ambalo halikuwepo. "Naamka, navaa, natoka. Jioni narudi. Ananiuliza kazi ilikuwaje, namwambia ilikuwa sawa."

Nikamwambia Madam Nyokabi amepiga simu, kwamba anaweza kurudi Jumatatu.

"Ulisema kwa barua?" akauliza.

"Nilisema kwa barua."

"Na wale watu wa maduka walijua?"

"Walijua."

"Basi andika ingine. Hii ya leo umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua sijaiba. Uwaambie wao. Uisome mwenyewe, kwa sauti, pale pale. Mimi nikiwa geti."

Niliiandika wikendi nzima. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na ilieleza sana habari za mawimbi. Mke wangu aliisoma akasema, "Mahali umesema umekosea ni wapi?" Nikaandika nyingine. Mama Njoki aliiwekea muhuri mwenyewe, akaukandamiza kwa nguvu kiasi kwamba benchi lilitikisika, na Jumatatu asubuhi akafunga karakana akaja nami. Hakunieleza kwa nini. Nadhani alitaka kuhakikisha nimefika.

Wenye maduka walitoka kwa sababu Madam Nyokabi aliwaita. Walikuwa kama ishirini. Mwenye duka la dawa alikuwepo, na yule mama wa mkoba, na watu wengine waliokuwa wanapita tu wakasimama, maana Nairobi mtu akiwa na karatasi mkononi na wengine wamemzunguka, lazima usimame. Barasa alikuwa amesimama kwenye geti lake, kofia kichwani, mikono nyuma.

Nikaikunjua karatasi. Nikasoma:

"Mimi, Shem Anyonje, fundi, niliandika kwamba Barasa anazuia rimoti za magari hapa. Si kweli. Aliyekuwa anazizuia ni mimi, kwa kifaa nilichotengeneza nikasahau kukizima. Barasa aliniambia rimoti zilianza kusumbua nilipofika. Alisema kweli. Sikumsikiliza kwa sababu nilijiona najua kuliko yeye. Naomba msamaha kwake, na kwenu kwa kuwafanya mmwogope mtu mwema."

Hapo katikati mtu mmoja alicheka, kwenye habari ya kusahau kukizima, na singemlaumu. Wengine hawakucheka. Nikamaliza. Yule mama wa mkoba alitembea hadi kwenye geti, akasimama mbele ya Barasa, akampa mifuko yake ya mizigo aibebe. Barasa aliipokea.

Mimi nilibaki nimesimama na karatasi yangu, nikisubiri sijui nini. Neno, labda. Au mkono. Mama Njoki alikuwa amesimama kando akitazama viatu vyake. Barasa alipita mbele yangu na ile mifuko, akaipeleka hadi mlangoni mwa duka, akarudi. Safari hii alisimama.

"Mzee, nimekusikia," alisema. Kisha akanyoosha kidole nyuma yangu. "Sasa hiyo gari yako imefunga njia. Watu wanataka kutoka. Hebu toa."

Nikageuka. Lilikuwa limefunga njia kweli, upande wote, na magari mawili yalikuwa yananingoja.

Nikalitoa.